Samaki Aliyejizika Tangini

Mwanangu, kabla hujaendelea na hilo tangi lako, ujue kwamba anayekuandikia ni mtu aliyewahi kumfukua samaki mzima kwa upawa wa mchuzi. Ndiyo, kumfukua. Nilimchimba kama muhogo. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimekunywa chai yangu vizuri, na cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa kimetundikwa palepale ukutani, ndani ya fremu niliyoitengeneza mwenyewe, kikinitazama.

Umeniambia kwamba wale samaki wako wadogo wenye madoa hawali, na kwamba mmoja amepotea ndani ya tangi ambalo halina mlango. Unauliza ufanyeje. Kaa kitako, nikusimulie. Mkono wako usiuingize kwenye maji mpaka nimalize.

Siku hiyo ya upawa naiona hata sasa nikifumba macho. Nilikuwa kijana wa miaka arobaini na kitu. Usicheke. Mtu asiyetoka nyumbani huchelewa kuzeeka, na mimi nilikuwa sitoki. Kazi yangu ya vioo na fremu nilikuwa nikiifanyia barazani, hapahapa mtaa wa Tangini, Kibaha, na wateja walinifuata. Kwenda Maili Moja kununua misumari kwangu ilikuwa safari ya kuaga watu. Mke wangu Tatu alikuwa akisema kwamba siku nikifa hawatahitaji kunihamisha, watafunga mlango tu.

Mwaka ule mama yake Tatu alifariki kwao Kurui, huko ndani Kisarawe. Tulizika, tukakaa matanga, yakaondolewa, tukarudi Kibaha. Tatu alirudi na kanga za marehemu, akajifunika moja, akakaa kwenye kona ya sebule, na akaacha kula.

Mwanzo nilidhani ni huzuni ya kawaida. Nilimpikia uji. Nilimletea supu ya kuku. Nilichemsha ndizi nikaziponda kama za mtoto. Kila saa nilikuwa mbele yake na kijiko.

"Kula, mama. Hata kijiko kimoja."

"Nitakula, fundi."

Fundi ndilo jina aliloniitia tangu tuoane. Nitakula ndilo neno alilobaki nalo, na hakuwa anakula. Pete yake ikaanza kuteleza kidoleni, akaivua akaiweka juu ya kabati. Nilipoiona pale juu peke yake, nilianza kuogopa kwamba nitarudi Kurui kwa msiba mwingine, na safari hiyo mimi ndiye nitakayekuwa nikipewa pole.

Basi nikawaza: mtu huyu anahitaji kitu kinachotembea mbele ya macho yake. Vipande vya vioo nilikuwa navyo. Nikaunda tangi. Nikampata kijana mmoja aitwaye Chande, mzamiaji aliyekuwa akikamata samaki wa mapambo huko pwani na kuwaleta kwa wateja wa bara. Alinikuta Maili Moja na madumu ya maji ya bahari na mfuko wa plastiki uliojaa hewa. Ndani mlikuwa na samaki wawili wasiozidi urefu wa kidole. Dume lilikuwa jekundu kama tofali, lina madoa yaliyozungushiwa kijani. Jike lilikuwa jeupe lenye madoa meusi, kama chui aliyefuliwa.

"Hawa ni jamaa wa pono," Chande aliniambia, "ila roho zao nyepesi sana, mzee. Weka mchanga laini, funika juu, wasishtuliwe, halafu waache. Wataanza wenyewe."

Mimi nilisikia weka mchanga na funika juu. Mengine niliyaacha yapite, maana nilikuwa nawaza jinsi Tatu atakavyofurahi. Na mchanga wenyewe aliokuja nao kutoka baharini niliuosha kwa maji ya bomba, maji saba, kama mchele wa pilau ya harusi. Ulitoka unang'aa. Kila kilichokuwa hai ndani yake nilikimwaga uani, nami nikajisifu kwa usafi.

Niliwaachia samaki mchana. Walizunguka tangi mara chache, taratibu, macho yao yakienda huku na huku, kila jicho kwa njia yake. Tatu akainua kichwa. Mwanangu, akainua kichwa! Akaivuta kanga ikamwangukia mabegani, akasogea. Nilitaka kupiga vigelegele.

Halafu dume likainama, likaingiza kichwa mchangani, likatikisa mkia mara moja, likatoweka. Jike likafuata. Mchanga ukajifunga juu yao. Ukawa tambarare, mweupe, kama haujawahi kuguswa.

Sebule ilikuwa kimya, isipokuwa pampu ya hewa iliyokuwa ikibubujika. Tatu alitazama pale waliposhukia. Akasema kwa sauti ndogo:

"Wamejizika."

Neno lile sikulipenda. Nyumba bado ilikuwa na harufu ya ubani tuliokuja nao kwenye nguo. Nilicheka ili nilifukuze. Kicheko kilitoka kibaya, nikanyamaza. Tulikaa pale, watu wawili na tangi la maji lisilo na kitu, na sote tulijua kwamba halikuwa tupu. Nilipogeuka kwenda kwenye kazi yangu nilihisi natazamwa kisogoni kutoka chini.

Kesho yake hawakutoka. Siku iliyofuata hawakutoka. Sasa wewe unajua sisi tulivyolelewa: mgeni hawezi kuingia kwako akalala na njaa, ni aibu yako na ya wazazi wako. Nikawamwagia dagaa wa kusaga. Nikawamwagia kiini cha yai. Niliwatilia hata makombo ya chapati, Mungu anisamehe. Maji yakawa kama togwa. Hakuna aliyetoka kula. Nikaanza kunusa harufu ambayo huenda haikuwepo.

Ndipo nikachukua upawa na kufunua kifuniko.

"Usifukue," Tatu alisema kutoka kwenye kona yake.

"Wamekufa humo. Watanuka."

"Usifukue, fundi, nimekwambia."

Sikumsikiliza. Nilizamisha upawa, nikachota mchanga upande lilikoingia dume, nikainua taratibu. Lilikuwa ndani. Lilikuwa limelala ubavu, bapa, halitikisiki, kama kitu kilichofungwa kikawekwa. Nikasema moyoni, si nilijua. Ndipo nikaona jicho. Jicho lilizunguka likanitazama mimi. Kisha, bila hilo la kwanza kuniacha, jicho la pili likatokeza kwenye mchanga likamtazama Tatu.

Niliutikisa upawa kwa hofu. Dume likaruka. Liliruka juu ya ukingo wa tangi nilioacha wazi, nikasikia kitu kinagonga ukuta, halafu kimya. Lilikuwa limeangukia nyuma ya rundo la fremu zangu. Nilizihamisha moja moja, kwa pupa, hata nikavunja vioo viwili vya wateja. Sikuliona. Nilikuja kuonyeshwa na sisimizi baadaye. Rangi yote ilikuwa imelitoka. Lilikuwa na rangi ya kadibodi.

Tatu hakunilaumu. Alivuta kanga ya mama yake mpaka juu ya kichwa. Tangu hapo hata lile neno nitakula likakoma.

Nililifunga dume kwenye kipande cha gazeti nikalizika karibu na ua wa michongoma. Kwa nini nililizika badala ya kulitupa, usiniulize. Jirani yangu Mama Neema, mwanamke wa kwaya ya kanisani, mwenye sauti inayofika barabarani bila kupanda gari, alikuwa upande wa pili akianika nguo.

"Jirani! Unazika nini hapo bila kutuita?"

"Samaki."

"Samaki anazikwa? Kwetu anakaangwa." Akanitazama vizuri usoni, akaacha utani. "Mama Zena anaendeleaje?"

Zena ni binti yetu, wakati huo alikuwa shule ya bweni na sikuwa nimemwambia kitu. Nilimjibu Mama Neema kwamba Tatu anaendelea vizuri. Aliguna, akachukua beseni lake akaondoka.

Sasa sikiliza sehemu ambayo siku zote naisimulia nikiwa nimewasha taa, hata kama ni mchana.

Jike halikutoka. Tatu alihamisha mkeka wake akauweka chini ya tangi, akawa anakaa hapo kutwa, ubavu wake ukiwa karibu na kioo, uso kwenye usawa wa mchanga. Mimi nikiwa barazani nakata vioo, nilianza kusikia mazungumzo. Yalikuwa ya chini, ya upole, ya mtu anayemuuliza mwenzake hali na kusubiri ajibiwe. Nilidhani anaomba dua. Nikaweka chini kalamu ya kukatia, nikasogea mlangoni.

Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya marehemu mama mkwe wangu. Ule mvuto wa mwisho wa neno wa watu wazima wa Kurui, ambao Tatu aliupoteza tangu akiwa shule Kibaha, ulikuwa umerudi wote. Nikakohoa ili ajue nipo.

Akageuka taratibu. Akasema, "Bwana Omari, umekula?"

Mwanangu, Tatu hakuwahi kuniita Bwana Omari. Ni mtu mmoja tu aliyeniita hivyo duniani, na nilikuwa mmoja wa walioshuka kaburini kumpokea.

Nilisema nimekula. Sikuwa nimekula. Nilirudi barazani, nikakaa na kioo mapajani, nikashindwa kukikata.

Siku hiyohiyo nilipiga simu Kurui kumwomba Mama Mwanaidi aje. Huyo ni mdogo wake marehemu, mama mdogo wa Tatu, na kwangu ni mkwe kamili. Alikuja na furushi la kisamvu na kuku aliyefungwa miguu. Nilichuchumaa nikamsalimu shikamoo nikitazama chini, akaitikia marahaba akitazama kando, kama inavyotakiwa. Unajua maana yake? Maana yake mimi, mtu wa sebuleni, nilifukuzwa sebuleni kwangu na adabu. Mkwe akikaa ndani, mimi nikae nje. Nilihamia barazani na mto wangu. Ila dirisha lilikuwa wazi.

Alilitazama tangi.

"Humu mna nini?"

"Samaki, Mama," nilijibu kutoka nje.

"Mbona simwoni?"

"Amejifukia mchangani."

"Na wewe umemfanya nini?"

Nilieleza. Nilieleza dagaa, nilieleza yai, na kwenye upawa nikapunguza sauti. Nilisikia pampu ikibubujika.

"Baba," akasema, "mtu akijifunika shuka, wewe unamvuta miguu?"

Niliinama nikakusanya vipande vya kioo.

"Na huyu naye ndivyo ulivyokuwa unamfanya? Kijiko usoni kutwa nzima?"

Hilo ndilo karipio lote nililopewa. Hakuliongeza wala hakulirudia, na bado sijamaliza kulimeza.

Mchana alipika. Akaweka sinia juu ya mkeka, upande wa Tatu, akakaa, akanawa, akaanza kula. Hakusema karibu.

Wewe mtoto wa siku hizi huenda usione uzito wake. Mtu wa Kurui hawezi kula bila kusema karibu. Akila muwa njiani na wewe ukapita upande wa pili wa barabara, atapaza sauti akukaribishe. Na Mama Mwanaidi, mwanamke niliyemwona akimkaribisha mpita njia asiyemjua, alikaa bega kwa bega na mtoto wa dada yake mwenye njaa na akala kama yuko peke yake. Aliacha upande wa Tatu wa sinia bila kuugusa. Alikuwa akizungumza na hewa: mbuzi wa fulani ameingia shambani kwa fulani, harusi ya binti wa fulani imesogezwa mbele, mvua imeharibu korosho. Akimaliza, aliondoa sinia bila neno. Mchana uliofuata akafanya vilevile.

Nikiwa dirishani kama mwizi, siku moja niliona kidole. Kilitoka chini ya kanga, kikagusa ukingo wa sinia, kikatulia. Mama Mwanaidi aliendelea na habari za korosho. Kidole kikachovya kwenye mchuzi wa kisamvu. Kikarudi ndani ya kanga.

Nililia pale barazani, sikufichi. Kisha nikafanya jambo litakalokuonyesha mimi ni mtu wa namna gani: akili yangu ilikimbilia kwa samaki. Nilimpigia Chande.

Alicheka mpaka simu ikakoroma. "Mzee, si nilikwambia waache? Hao wakishtuka wanalala mchangani hata siku nyingi. Wana saa zao. Na chakula chao si dagaa wa unga. Porini wanadokoa vijidudu vidogo kwenye mawe na mwani, asubuhi mpaka jioni, kidogo kidogo. Ule mchanga niliokuletea ulikuwa na chakula ndani."

"Niliuosha."

"Uliuosha?"

"Kwa maji ya bomba."

"Pole," Chande akasema, kama mtu aliyeambiwa msiba.

Alikuja na mawe ya baharini yaliyo hai, yenye wadudu wasioonekana vizuri kwa macho, na mwani, na mchanga ambao sikuuosha. Nilibadilisha maji kidogo kidogo bila kugusa kona aliyolala jike. Alileta na samaki mwingine mdogo wa buluu, mlafi, asiye na aibu, wa kula mbele ya mwenzake. Nikakata kifuniko cha wavu kikakaa vizuri. Uduvi mbichi niliukata kwa wembe mpaka ukawa kama chembe za chumvi, nikawa nautia kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo alasiri, na kuzima pampu ili usisombwe. Halafu nikaondoka. Kuondoka ndiko kulikonishinda kuliko yote.

Asubuhi moja Mama Mwanaidi alikuwa uani akiwasha moto. Tatu alikuwa amelala mkekani. Niliingia kunyemelea sebule yangu mwenyewe. Mwanga ulikuwa ndio kwanza unaingia, wa kijivu. Nikauona mchanga unapumua. Mahali padogo, kama sarafu, palikuwa pakipanda na kushuka. Nikajikalia mikono. Kweli, niliiweka chini ya mapaja nikaikalia. Chembe zikaachana, na jicho likatoka. Jicho peke yake. Lilizunguka sebule yote, likapita kwangu, likarudi, likakaa kwangu.

"Usimtazame sana," Tatu akasema. Hakuwa amefumbua macho.

Nilitazama ukutani. Nilipogeuka, jike lilikuwa limesimama katikati ya maji, jembamba, tumbo limeingia ndani, zima. Samaki mlafi alikuwa akidokoa uduvi. Jike lilimtazama kwa jicho moja, mimi kwa jingine. Halikula siku ile. Lilikula baadaye, chembe moja, likaitema, likaifuata likaila. Na Tatu siku hizo alikuwa tayari anakula kwa mkono mzima, bila kuambiwa.

Ungetaka niishie hapo, nami ningetaka. Lakini hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

Jike lilianza kubadilika. Weupe wake ukawa mchafu, kama shuka iliyofuliwa na nguo inayochuja. Kisha wekundu wa tofali ukatokeza kichwani, ukateremka ubavuni. Madoa yake yakazungushiwa kijani. Siku baada ya siku, ndani ya tangi nililofunga mwenyewe, niliona sura ya yule niliyemuua ikirudi kupitia ngozi ya mwenzake. Hata namna ya kuinama kabla ya kuingia mchangani ilikuwa ile ile ya dume.

Na Tatu naye. Aliinuka mkekani, jambo nililoliomba usiku na mchana, akajifunga kanga kwa fundo la marehemu, begani. Akapika, na mchuzi ukawa na pilipili na nazi kwa kipimo cha marehemu. Akapokea simu za Kurui barazani na kusema, "Mwambieni aje aniambie mwenyewe," kwa ile sauti. Alivaa tena pete yake. Na mimi akaendelea kuniita Bwana Omari.

Nikachukua jembe nikaenda kwenye michongoma.

"Jirani," sauti ya Mama Neema ikatoka upande wa pili, "unafukua tena?"

Nilikuta gazeti limekunjwa vilevile nilivyolikunja. Ndani hamkuwa na kitu. Hata mwiba.

"Hayumo," nilisema.

"Ulitaka awemo mpaka lini? Sisimizi wamekula. Au ulidhani watakuachia risiti?"

Niliingia ndani na udongo mikononi. Ilikuwa alasiri, Mama Mwanaidi ameondoka kurudi kwao. Tatu alikuwa amesimama mbele ya tangi, kiganja juu ya kioo, na yule samaki mwekundu alikuwa upande wa pili wa kiganja. Nilipoingia waligeuka. Wote wawili, kwa pamoja, wakanitazama.

"Tatu," nikasema. "Ni wewe?"

Alinitazama mpaka nikataka kukimbia, na unajua mimi si mtu wa kukimbia, sina hata viatu vyake.

"Ni mimi," akasema. "Ulitaka nani?"

"Mbona unaniita kama mama?"

Akakaa kwenye kiti. "Kule Kurui wanataka mahali pa kupeleka maneno yao na magomvi yao. Mama alikuwa akiwasikiliza wote. Siku ya kuondoa matanga walinikalisha kwenye kigoda chake mbele ya watu, wakasema sasa ni mimi. Sikutaka. Nilikuja huku nikajifunika ili wanisahau." Akalitazama tangi. "Nilipokuwa nimelala hapo chini nilikuwa naijaribu sauti yake. Nione kama inanienea."

"Na sasa?"

"Inanienea. Inabana kidogo kwapani."

Nilimpigia Chande mbele yake nikaweka sauti ya nje. Nilimweleza kuhusu rangi. Hakushangaa hata kidogo. "Ndivyo walivyo, mzee. Dume likiondoka, jike kubwa linageuka linakuwa dume. Linashika nafasi. Ni maumbile yao."

Tatu alianza kutikisika mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na kicheko kilikuwa chake, cha zamani. Akaegemea tangi akamwambia samaki: "Kumbe na wewe wamekupa kazi, dada yangu!"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nimefuga wengine wengi wa aina hiyo baada ya yule, na wengi wameishi. Lakini ukweli niseme: mpaka leo, ikifika alasiri samaki wakiingia mchangani mmoja mmoja, Tatu akiwa nyumbani hunyamaza katikati ya sentensi, na mimi huwa simuulizi anasikiliza nini.

Basi, mwanangu, mkono wako ukae nje ya maji. Huyo uliyemwona amepotea amelala. Mpe mchanga laini, wa kina cha kutosha kumfunika, na usiuoshe kwa maji ya bomba kama mjinga mmoja wa Tangini. Funika tangi, maana wakiogopa wanaruka na sakafu haina huruma. Mtafutie mawe yaliyo hai ili adokoe mwenyewe kabla hujamletea chako, na ukimletea, kiwe kidogo, kilichokatwa, mara nyingi, kisha uondoke. Mwekee mwenzake anayekula vizuri. Usigonge kioo. Siku akitoka, usimkodolee macho, na akitoka na sura nyingine usiende kutafuta ile ya zamani kwa jembe. Na akija kukaa kwako mtu aliyejifunika, wa damu yako au wa ndoa yako, mfanyie hayohayo. Kaa karibu naye ule chakula chako. Mwachie upande wake wa sinia.

Mungu akupe mkono mtulivu na macho yasiyo na haraka. Akuhifadhie unaowapenda wanapojificha, na wanapotoka akupe moyo wa kuwatambua. Amina.

Haya nimemaliza kuyaandika leo asubuhi, nyumba ikiwa tupu, Tatu yuko Kurui tangu wiki iliyopita kwa shauri la shamba la ndugu zake, na kila akipiga simu ananiuliza nakwenda lini. Niliyasoma kwa sauti kwa Mama Neema juu ya ua, nikitegemea atanisifu. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anakamua nguo, akaitandaza kwenye kamba, akasema:

"Jirani, mkeo yuko Kurui anaamua kesi za watu, samaki wako wako juu wanakula, aliyebaki mchangani ni wewe, vaa viatu umfuate."